Jinsi ya kuandaa hoja binafsi ya mbunge mpaka ifike kwenye kura: mwongozo kamili

Hoja binafsi, yaani hoja inayoletwa Bungeni na mbunge mwenyewe na si Serikali, nyingi hazifi kwa kukosa kura. Zinafia mezani kwa Katibu wa Bunge, wiki kadhaa kabla mtoa hoja hajasimama, na zinakufa kwa sababu zilezile: ombi lisilotekelezeka, fedha zilizotajwa mahali pasipotakiwa, kalenda iliyopuuzwa. Rasimu zinazonifikia kutoka kwa wasaidizi wa wabunge, asasi za kiraia na vijana wa mabunge ya mfano huwa na kurasa kumi za malalamiko na mstari mmoja wa ombi, na mstari wenyewe unaitaka Serikali "iliangalie suala hili kwa jicho la tatu". Jicho la tatu halina tarehe ya utekelezaji.

Mwongozo huu unafuata utaratibu wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kule Dodoma. Baraza la Wawakilishi Zanzibar lina kanuni zake, na mabunge ya Kenya yana zake. Hatua zinafanana, lakini usinakili namba za kanuni kutoka bunge moja kwenda jingine.

Ili tusiongee hewani, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mbunge wa jimbo linalopakana na hifadhi anataka hoja kuhusu kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo wanayopewa wananchi ambao tembo wamekula mazao yao au wanyama wakali wamewaua ndugu zao.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuandika neno

- Katiba ya mwaka 1977. Weka alama kwenye ibara ya 53A, 63, 94, 99 na 100.
- Kanuni za Kudumu za Bunge, toleo linalotumika sasa. Wengi hutembea na toleo la Januari 2016 kwenye simu. Likaja toleo la Juni 2020 na namba zikahama. Mtu aliyezoea "kanuni ya 47" kwa jambo la dharura au "68(7)" kwa mwongozo wa Spika akizitaja leo anaaibika mbele ya Kiti, yaani anayeongoza kikao.
- Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura ya 296.
- Hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) za miaka michache iliyopita zenye mada yako: maswali, majibu ya mawaziri, ahadi.
- Sheria na kanuni ndogo za mada yenyewe. Kwa mfano wetu ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori na kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi zilizotungwa chini yake mwaka 2011, pamoja na marekebisho yake yote yaliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali.
- Ratiba ya mikutano ya Bunge (kila Mkutano ni mfululizo wa vikao vya siku nyingi).
- Vielelezo: fomu za tathmini zilizojazwa na maofisa wanyamapori, barua za halmashauri, muhtasari wa vikao vya kijiji. Nakala, si masimulizi.
- Majina ya wabunge watakaosimama kukuunga mkono, wakiwemo wa chama kingine.

Ukikosa Hansadi, usianze. Nitaeleza kwa nini kwenye hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli unahitaji hoja

Hoja ni chombo kizito. Inatumia muda wa Bunge zima na mwisho wake ni uamuzi. Kama unachotaka ni taarifa tu, uliza swali. Kama ni jambo la mtu mmoja mmoja, mwandikie Waziri. Kama unataka kubadilisha sheria, hoja haitoshi, andaa muswada binafsi. Kama mafuriko yamebeba daraja jana usiku, kuna hoja ya kuahirisha shughuli za Bunge ili kujadili jambo la dharura. Hiyo hutolewa baada ya maswali, bila taarifa ya siku nyingi, na lazima jambo liwe halisi, la dharura na la maslahi kwa umma. Tatizo lililodumu miaka sita si dharura, hata liwe chungu namna gani, na Spika atakuambia hivyo ukiwa umesimama.

Hoja binafsi inafaa pale unapotaka Bunge, kama taasisi, liseme neno moja la pamoja na kuiagiza Serikali jambo linaloweza kufuatiliwa. Malipo ya kifuta jasho yamo humo: kanuni zipo, Waziri wa kuwajibika yupo, malalamiko yanatoka wilaya nyingi, na maswali yameshaulizwa sana bila kuzaa mengi.

Jipime hivi: andika kwa sentensi moja Bunge liamue nini. Ukihitaji sentensi ya pili kuifafanua ya kwanza, bado hujajua unachotaka.

## Hatua ya 2: Andika azimio kwanza, maelezo baadaye

Hapa ndipo kazi ilipo. Watu huanza na historia ya jimbo, wakifika kwenye ombi wamechoka. Geuza. Ukurasa wa kwanza kuandikwa uwe ule wa mwisho kusomwa, kwa sababu kinachopigiwa kura ni azimio, si hotuba.

Mtindo wa Bunge unajulikana: KWA KUWA, NA KWA KUWA, kisha HIVYO BASI. Angalia kwanza rasimu mbili mbovu.

Ya kwanza: *Bunge linaiomba Serikali iwaangalie kwa huruma wananchi wanaosumbuliwa na tembo.* Hakuna atakayeipinga, wala hakuna atakayeitekeleza. Waziri atasimama aseme Serikali inawahurumia sana wananchi, nanyi mtapiga makofi mrudi hotelini.

Ya pili: *Bunge linaazimia kwamba Serikali ilipe shilingi laki tano kwa kila ekari iliyoharibiwa.* Hii inaonekana kali na ya kiume, na ndiyo inayokufa mapema zaidi. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia muswada, hoja, au hata mabadiliko ya hoja yenye lengo la kutoza au kuongeza kodi, kuagiza malipo kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina au kuyaongeza, au kusamehe deni la Serikali, isipokuwa Rais awe amependekeza na Waziri aliwasilishe pendekezo hilo. Kupunguza kunaruhusiwa, kuongeza hapana. Rasimu inayotaja kiwango kipya cha malipo inaingia moja kwa moja kwenye mtego huo, hata kama kiwango chenyewe ni cha haki kabisa.

Sasa hii:

*KWA KUWA wananchi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanaendelea kupoteza mazao, mifugo na maisha kutokana na wanyamapori wakali na waharibifu;*

*NA KWA KUWA viwango na utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi vimewekwa kwa kanuni zinazotungwa na Waziri mwenye dhamana ya wanyamapori;*

*NA KWA KUWA wananchi wanalalamikia kuchelewa kwa tathmini na kwa malipo yenyewe, kama vielelezo vilivyoambatishwa vinavyoonesha;*

*HIVYO BASI, Bunge linaazimia kwamba:*

*(a) Waziri afanye mapitio ya kanuni hizo, vikiwemo viwango na muda wa tathmini, na awasilishe taarifa ya mapitio hayo Bungeni kabla ya kumalizika kwa Mkutano wa Bunge wa mwezi (utaje);*

*(b) Serikali iwasilishe Bungeni, ndani ya muda huohuo, orodha ya madai yaliyopokelewa, yaliyolipwa na yanayosubiri, kwa kila wilaya;*

*(c) Kamati ya Bunge inayosimamia sekta ya maliasili ipitie taarifa hizo na kulishauri Bunge katika Mkutano unaofuata.*

Hakuna shilingi hata moja iliyoagizwa, lakini Waziri amebanwa: ana kazi, ana tarehe, na ana watu wa kumkagua. Kipengele (b) nakipenda kuliko vyote. Orodha ya madai yanayosubiri, ikishawekwa mezani, inasema yenyewe kuliko hotuba ya mtu yeyote.

Pitia kila kipengele kwa maswali matatu: nani atafanya, afanye nini, tutajuaje kwamba amefanya na kwa tarehe gani. Kipengele kinachokosa jibu moja kifute au kiandike upya.

Tahadhari: agiza mtu mwenye mamlaka hayo. Bunge halifukuzi waziri wala halivunji mkataba. Kwenye sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, Novemba 2014, Bunge lilipotaka viongozi wawajibike, maneno ya azimio yalielekezwa kwa mamlaka iliyowateua. Hayo ndiyo maneno ambayo Serikali haiwezi kuyakwepa kwa kusema "Bunge limevuka mipaka yake". Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu alijiuzulu na Waziri wa Ardhi akaondolewa, na Januari 2015 Waziri wa Nishati naye akang'oka.

Azimio likiwa sawa, mtu asiyejua mada ataweza kulisoma peke yake, bila maelezo, na akakuambia nani anatakiwa kufanya nini.

## Hatua ya 3: Maelezo ya hoja na vielelezo

Sasa andika maelezo. Kurasa nne au tano zinatosha. Kila aya ijibu KWA KUWA mojawapo, na aya isiyojibu chochote itoke.

Rudi kwenye Hansadi. Tafuta Waziri alisema nini mara ya mwisho kuhusu jambo lako, kwa sababu jibu linaloua hoja nyingi ni fupi mno: "Serikali imeshalifanyia kazi." Februari 2013 John Mnyika, wakati huo mbunge wa Ubungo, alileta hoja binafsi kuhusu maji Dar es Salaam. Waziri wa Maji akasimama na kueleza kwamba Serikali tayari ilikuwa na mpango, akataka hoja iondolewe, Bunge likahojiwa, ikaondolewa. Kilichofuata ukumbini kilikuwa kelele. Dawa yake ni kuitaja mipango ya Serikali wewe mwenyewe, ndani ya hoja, kabla Waziri hajaitaja: mpango huu ulitangazwa tarehe hii, uliahidi hiki, vielelezo hivi vinaonesha hakijafika. Hapo "tumeshafanyia kazi" inakosa pa kukaa.

Halafu safisha maelezo dhidi ya mambo ambayo kanuni zinakataza: kesi iliyopo mahakamani, kutumia jina la Rais kwa dhihaka au kushawishi Bunge, lugha ya kuudhi, na kufufua jambo ambalo Bunge limeshaliamua, labda uje na hoja mahususi ya kutaka uamuzi huo ufikiriwe upya.

Kuhusu kumtuhumu mtu kwa jina, pima mara mbili. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa majadiliano dhidi ya mahakama, haikulindi dhidi ya Bunge lenyewe. Agosti 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alitaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Hoja ilikataliwa na yeye akasimamishwa kuhudhuria vikao, ikielezwa kwamba alisema uongo dhidi ya Waziri. Upepo wa kisiasa ulimpeleka mbali baada ya hapo, lakini usipange hoja yako kwa kutegemea upepo. Kila neno ambalo mtu anaweza kusimama na kudai "athibitishe" liwe na karatasi nyuma yake, na karatasi iwe ndani ya mkoba, siyo ofisini.

## Hatua ya 4: Hesabu siku, kisha peleka taarifa ya hoja

Hoja binafsi inahitaji taarifa ya maandishi kwa Katibu wa Bunge, yenye sahihi ya mtoa hoja, lengo, maelezo na uamuzi unaoombwa. Soma kwenye toleo lako muda wa taarifa ni siku ngapi, kisha hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya Mkutano, si kutoka siku ya kwanza. Watu hukosea hapa kila mwaka.

Mfano mkubwa ni wa Aprili 2012. Hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, kwa ibara ya 53A, inataka sahihi za asilimia 20 ya wabunge wote na taarifa kwa Spika siku zisizopungua 14 kabla ya kuwasilishwa. Zitto Kabwe alikusanya sahihi zilizozidi 70 dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, na hilo ndilo watu wote walidhani ni gumu. Lakini Mkutano ulikuwa unafikia mwisho, na Spika Anne Makinda akaonesha kwamba siku 14 hazikuwepo. Sahihi zilikamilika, tarehe ndizo zilizokataa.

Angalia pia msimu. Mkutano wa Bajeti, Aprili hadi Juni, umejaa shughuli za Serikali, na shughuli za Serikali hupewa kipaumbele. Kupeleka hoja binafsi ya kawaida mwezi Mei ni kuipa likizo. Lenga mikutano mingine ya mwaka, na peleka taarifa mapema ili Kamati ya Uongozi inapopanga ratiba hoja yako iwe tayari kwenye faili.

Peleka nakala mbili na urudi na moja yenye mhuri wa kupokelewa, tarehe na saa. Ule mhuri ndio utakaokusaidia mtu akisema hoja haikufika kwa wakati.

## Hatua ya 5: Subiri kwa macho

Taarifa inakwenda kwa Spika. Anaweza kuikubali, kuirudisha irekebishwe, kuikataa kwa sababu inavunja Katiba au Kanuni, au kuipeleka kwanza kwenye kamati. Usikae kimya. Msaidizi apite ofisi ya Katibu, aulize kwa adabu imefikia wapi. Wanasheria wa Bunge pale ni watu wa msaada kuliko wengi wanavyodhani: ukiwauliza "neno gani linawapa shida?" watakuonesha neno lenyewe, na mara nyingi kurekebisha ni dakika kumi.

Ikirudishwa, rekebisha kilichotajwa tu. Usitumie nafasi hiyo kuongeza kipengele kipya, maana kinaanzisha uchunguzi upya.

Umevuka hatua hii siku utakapoliona jina la mbunge na kichwa cha hoja kwenye Orodha ya Shughuli.

## Hatua ya 6: Tafuta watu kabla ya kutafuta maneno

Hoja bila watu ni barua tu. Akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo, wakati wa kufanya uamuzi ni nusu ya wabunge wote, kwa ibara ya 94, kwa hiyo hoja inayokuja jioni ya mwisho, watu wakiwa wameshakata tiketi za Dar es Salaam, inaweza kukwama hata kama kila aliyebaki anaipenda.

Ongea na wabunge wa majimbo yenye tatizo lako bila kujali chama. Kwa tembo utawapata wa Tunduru, Liwale, Nachingwea, Bunda, Meatu, Same, na kwingineko. Kila mmoja mpe jambo moja la kusema, tofauti na wenzake, na wewe mwenyewe ubaki na azimio. Wanne wakirudia kisa kilekile, Kiti kitaona mjadala umeiva na kuufunga.

Kisha nenda kwa Waziri. Ndiyo, kwa Waziri. Mpe nakala mapema na muulize ni kipengele gani hawezi kuishi nacho. Wengi wanaona hii ni kujisalimisha, mimi naona ni kujua mkuki utatokea upande gani.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Spika atamwita mtoa hoja. Mtoa hoja atawasilisha maelezo ndani ya muda aliopewa, na atamaliza kwa maneno haya, neno kwa neno: *Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja.* Si "naomba kuwasilisha, ahsante kwa kunisikiliza". Bila maneno ya kutoa hoja hakuna hoja mbele ya Bunge, na Spika atalazimika kumrudisha asimame tena, jambo linalopunguza uzito.

Baada ya hapo wabunge husimama kuafiki. Waliokuahidi wawe wamekaa ndani, siyo kantini. Spika akishasema hoja imetolewa na imeungwa mkono, mjadala unafunguliwa.

Gawa muda hivi: azimio lisomwe mwanzoni, kwa ufupi, kisha vielelezo, kisha azimio lote kamili likiwa bado na dakika tatu mkononi. Kengele ya kwanza ikilia na hujafika kwenye HIVYO BASI, ruka ulipo ukasome azimio. Nimewasikia watu wakikatwa na kengele ya pili wakiwa bado wanashukuru familia na wapiga kura.

Jiandae kukatishwa. Kuna njia tatu, na kila moja ina jibu lake:

*Kuhusu utaratibu.* Anayesimama anadai umevunja kanuni, na lazima aitaje. Wewe kaa. Usijibu mpaka Kiti kitoe uamuzi. Ukiambiwa ufute neno, lifute kwa sentensi moja uendelee. Kubishana kunakula dakika zako, na ndicho alichokuwa anakitaka.

*Taarifa.* Mtu anataka kukuongezea au kukusahihisha. Utaulizwa kama unaipokea. Ikiwa inakusaidia, ipokee kwa maneno matatu. Kama hapana, "siipokei" inatosha.

*Mwongozo.* Huombwa wakati hakuna mbunge anayezungumza, kuhusu jambo lililotokea mapema. Mtu akiomba mwongozo katikati ya hotuba yako, Kiti kitamkalisha chenyewe.

Na Spika akisimama, kila mtu anakaa, hata ukiwa katikati ya neno.

## Hatua ya 8: Mabadiliko ya hoja

Hapa hoja nzuri hugeuzwa maji ya mchele. Mabadiliko yanaweza kuondoa maneno, kuondoa maneno na kuweka mengine, au kuongeza maneno, na huletwa kwa maandishi. Yanaamuliwa kabla ya hoja yenyewe. Ndiyo maana unaweza "kushinda" kura ya mwisho ukiwa umeshindwa kila kitu.

Maneno yanayolengwa ni yaleyale: "linaazimia" kugeuzwa "linaishauri", tarehe kugeuzwa "mapema iwezekanavyo", na orodha kwa kila wilaya kugeuzwa "taarifa ya jumla". Kabla ya siku hiyo panga nini uko tayari kuachia. Kwa mfano wetu ningeachia "viwango" kwenye kipengele (a), na hata tarehe kusogezwa mkutano mmoja mbele. Kipengele (b) nisingekigusa.

Na wewe kagua ya rafiki zako. Mwenzako aliyejaa huruma anaweza kuleta mabadiliko ya kutaka fidia iongezwe mara mbili, akaitumbukiza hoja nzima kwenye ibara ya 99.

Mjadala ukiisha mtoa hoja ana haki ya kuhitimisha. Asirudie hotuba. Awataje waliochangia, ajibu pingamizi kubwa moja au mbili, na amalize tena kwa *naomba kutoa hoja*.

## Hatua ya 9: Kura

Spika atawahoji. Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na atatangaza upande ulioshinda kwa jinsi alivyosikia. Ukiona sauti zilikaribiana na tangazo limekwenda upande wa pili, dai kura ihesabiwe hapohapo, kwa utaratibu wa Kanuni, na wenzako wasimame nawe. Dakika mbili baadaye Bunge limeshahamia shughuli nyingine na umechelewa.

Uamuzi ni kwa wingi wa waliopo na kupiga kura. Kura zikilingana, anayeongoza kikao ana kura ya uamuzi. Wasomaji wa Kenya, kwenu ni tofauti: kwa ibara ya 122 ya Katiba ya 2010 Spika hapigi kura, na kura zikilingana hoja imeanguka. Akidi ya Bunge la Taifa ni wabunge 50, ya Seneti 15.

Ushahidi wa kufaulu ni Hansadi. Isome ikitoka, uhakikishe maneno ya azimio ndiyo yaliyopitishwa, yakiwa na mabadiliko yaliyokubaliwa na si mengine.

## Hatua ya 10: Azimio likishapita

Azimio si sheria. Siku ile ile andika barua kwa kamati ya sekta ukiambatisha azimio, na weka tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ofisi. Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, swali la msingi liwe limeshafika kwa Katibu. Siku za maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, Alhamisi, unaweza kuligusa pia, mradi uliweke kisera.

Likipuuzwa mpaka bajeti, kuna silaha moja nzuri: shilingi ya Waziri.

Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitia fungu la wizara, fika kwenye kifungu chenye mshahara wa Waziri. Anayeongoza sasa anaitwa Mwenyekiti, kwa hiyo ukisema "Mheshimiwa Spika" utasahihishwa. Simama, taja jambo moja tu la kisera, sema hujaridhika na kwamba usipopata maelezo ya kutosha unakusudia kutoa shilingi. Waziri atajibu. Jibu likiwa lilelile la zamani, toa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wake na uombe wenzako wakuunge mkono. Tazama ujanja uliomo: kuondoa shilingi ni kupunguza, hivyo ibara ya 99 haikuzuii, na lengo lako si shilingi bali mjadala unaomlazimisha Waziri aongee tena.

Wahi. Muda ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa gilotini bila maelezo, na aliyejipanga kwa fungu la mwisho hapati kitu.

Kisha litakuja ombi la kawaida: "Mheshimiwa, mrudishie Waziri shilingi yake." Usirudishe kwa "tumelichukua". Muulize, maiki ikiwa imewashwa, orodha ya madai yanayosubiri italetwa mwezi gani. Akiutaja mwezi, mwambie Mwenyekiti unarudisha shilingi kwa kuwa Waziri ameahidi mwezi huo, na uutaje tena kwa kinywa chako ili uingie kwenye Hansadi mara mbili.